Mtani Amelala Pangoni

"Wiki iliyopita wanafunzi walilala kwenye mchezo wako, Mwalimu Magreti. Kitashu alikoroma."

"Kitashu hukoroma hata kwenye hesabu zako, Mwalimu Mkuu."

"Hesabu zimo kwenye muhtasari. Pango lako halimo." Mwinshehe alifunga dirisha la ofisi ili wanafunzi wasisikie. "Pamba ya shule inamezwa na magugu. Kuanzia leo, saa ya mchezo ni saa ya jembe."

Magreti hakujua kubembeleza. Kijiji chao cha ujamaa, nje kidogo ya Mikumi, kilikuwa na mwaka mmoja tu, na watoto wake waliletwa kutoka kila upande: Zombo, Msowero, na maboma ya wafugaji. Darasani walikaa makundi makundi, hawaazimani hata kifutio. Ni Jumatano tu walipochanganyika, Magreti alipochora pango kwa majivu uwanjani. Mmoja huwa mwindaji, mwingine mganga, mwingine mhunzi. Huingia pamoja chumba kwa chumba, na kauri zikirushwa hujulikana nani kapona. Saa hiyo ikifutwa, watoto watarudi kwenye makundi yao.

"Nipe ya leo," alisema. "Wakisinzia, sitakudai tena."

"Ya leo tu. Na nitakuja kutazama."

Kosa lake alilijua. Chumba cha kwanza joka, cha pili joka, cha tatu joka lenye vichwa viwili. Yote aliyaokota vitabuni. Asubuhi nzima alikuna kichwa, akapata joka lenye mabawa. Akalifuta.

Adhuhuri kijiji kizima kilikwenda kumzika Bibi Katarina, Mluguru. Jeneza halijashushwa, mazishi yakakwama. Mzee Donati, Mnyamwezi, mtani wa Waluguru, aliyekuja Kilosa zamani kukata mkonge akalowea, alikuwa ameruka kaburini na kujinyoosha chali.

"Chumba kizuri hiki," alisema. "Mnampa bibi peke yake? Waluguru kwa uchoyo! Sitoki."

Wafiwa waliovimba macho wakaanza kucheka. Mtani hapigwi, ukimkasirikia, umeshindwa wewe. Wakamtukana, akawatukana. Wakamletea jogoo wa kumtoa, akamkataa: "Huyu kafa kabla ya bibi yenu." Walipoleta mwingine ndipo akatoka, na kwenye kufukia alilia kuliko wote.

Magreti alikuwa ameyaona hayo tangu utotoni. Siku ile aliona kitu kingine: mlango, mtu amelala mlangoni, na mkuki hausaidii. Hakungoja ugali wa matanga.

Saa tisa alasiri hapakuwa na joka hata moja. Palikuwa na shimo la ngiri, ambaye huingia kinyumenyume ili meno yatazame nje, ukimfuata umekwisha. Na kwenye mlango wa chumba cha mwisho Magreti alijilaza mwenyewe juu ya majivu, mwalimu mzima na gauni lake.

"Mimi ni mtani, Mnyamwezi. Sitoki."

"Nakuchoma mkuki," alisema Naeku, binti wa wafugaji, mwindaji wa siku hiyo.

"Wa kuchokolea meno huo? Nimeshakufa mara mbili leo, na bado nimelala. Umekasirika, rudi chumba kimoja."

Samweli wa Zombo alimvuta Naeku mkono. Darasani hawakuwa wamewahi kusemeshana. "Usimchome. Mtukane."

"Nimtukane mwalimu?"

"Si mwalimu huyo. Ni mtani."

Naeku akafikiri. "Ondoka, wewe mrefu kama reli ya Kilosa, na stesheni huna."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Magreti akasogeza mguu mmoja, ule mwingine akauacha. "Bado. Nataka jogoo kutoka kwa Mluguru mchoyo yule pale."

Mwinshehe, Mluguru mwenyewe, alikuwa amesimama kando amekunja mikono. Lakini Mluguru hamwachi mtani hivi hivi. "Jogoo utambeba wapi?" alisema akisogea. "Nyinyi Wanyamwezi mmezoea mizigo, jogoo ni mwepesi, utamwangusha."

"Mwalimu Mkuu, umekanyaga majivu," alisema Samweli. "Umo pangoni. Tupa kauri."

Akatupa. Zote zikalala kifudifudi.

"Umenaswa," walisema watoto, wa Zombo, wa Msowero na wa maboma kwa sauti moja, na papo hapo wakaanza kubishana namna ya kumwokoa.

Mwinshehe aliwasikiliza kwa muda. Kisha akawageukia viranja waliokuwa wakipanga majembe kando ya uwanja.

"Rudisheni stoo. Jumatano ni pango. Pamba tutapalilia Jumamosi, nami nitakuwa mbele."

Viranja wakabeba majembe mabegani. Yeye akavua viatu, akavipanga nje ya mstari wa majivu, akakaa chini.

"Haya," akamwambia Naeku. "Nitoeni."