Tableti ya Kupima Mbuzi

Watu wa Ikutha husema Mungu alipomaliza kumpa Musyimi mdomo wa uongo aliona vibaya, akamfidia kwa mikono ya kweli. Mdomo wake ungekueleza jinsi alivyochonga barabara ya Mutomo akiwa dereva wa greda, zamani kabla hajastaafu, na simba amelala juu ya paa la greda tangu asubuhi. Na simba akashuka Mutomo bila hata kuuliza nauli ni ngapi. Hayo ungeyasikiliza, ucheke, umwagizie chai. Lakini akishaingiza mikono chini ya tumbo la mbuzi, akamwinua kidogo tu kwato ziache mchanga, akasema kilo ishirini na saba, basi ni ishirini na saba. Mchinjaji alimjaribu kwa mzani wake wa kuning'iniza mara nyingi mpaka akachoka yeye.

Kwa hivyo kila siku ya soko Abdijabar, mnunuzi wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, hakupakia lori lake kabla Musyimi hajapita akiwainua mbuzi mmoja mmoja. Kule mjini anakouza hulipwa kwa kilo, na hapa Ikutha mbuzi huuzwa kwa macho. Alikuwa akisimama kwenye lango la boma la mifugo na kuita, soko zima lisikie, "Mzee wangu yuko wapi?" Mzee wake alikuwa anasikia mara ya kwanza, ila alingoja aitwe mara ya pili. Malipo yalikuwa chai na mandazi kwenye hoteli ya Sabrin, pamoja na lile benchi la karibu na mlango, ambapo kazi ikiisha wachuuzi walimzunguka na vikombe vyao wamsikilize.

Benchi hilo lilianza kupungua watu siku Kyule alipoletewa tableti.

Kyule na Musyimi walisoma darasa moja, wakastaafu mwaka mmoja, Kyule akiwa karani wa stoo ya pamba. Ndunge binti yake alimletea kutoka Nairobi kitu cheusi, kipana kama kitabu cha nyimbo, kina kifuniko cha ngozi. Jumapili ya kwanza Kyule alisimama kanisani kusoma neno, akagusa kioo kwa vidole viwili, akavitanua, na herufi zikanenepa kama maboga. Musyimi, ambaye Biblia yake ilibidi aishike mbali mpaka bega limuume, aliinamisha kichwa akatubu palepale kwa yale aliyokuwa akimwombea Kyule.

Kanisani angevumilia. Hotelini ndiko kulikomshinda. Kyule alikaa benchi la ndani, akaegemeza tableti kwenye chupa ya chai, na humo ndani mlikuwa na mzungu anayekata kwato za ng'ombe. Basi. Anakata moja, anaisafisha, anashika nyingine. Lakini wafugaji wazima, watu waliokata kwato maisha yao yote, walisogea mmoja mmoja na vikombe vyao kumtazama. Musyimi alibakia na nzi mmoja. Baadaye nzi naye akaenda kuona.

Wiki hiyo redio ikatangaza kwamba ng'ambo wamezindua tableti mpya, kubwa na nyembamba kuliko zote, itafika nchini mwisho wa mwezi ujao. Musyimi na mkewe Katunge walikuwa uani wakipepeta ndengu. Aliweka ungo chini. Akasema wale mbuzi wao weusi wamezeeka zizini bure, na mtu akiuza watatu anaweza kupata kitu cha maana. Katunge aliuliza hicho kitu kitafanya nini. Cha kusomea, alisema. Katunge akamkumbusha miwani aliyopewa bure na madaktari waliokuja kanisani, na jinsi alivyoikalia siku hiyohiyo. Musyimi akasema kinatabiri mvua. Katunge akasema mvua yenyewe haijaweza kujitabiri huku.

"Sasa niambie, Baba Mutindi," akasema huku akiendelea kupepeta. "Kyule akitupa yake mtoni leo, wewe bado utataka yako?"

Musyimi alijua kudanganya, lakini si mbele ya mtu aliyemzoea miaka arobaini. Alisema ndengu za mwaka huu zimekauka vizuri.

Siku ya soko iliyofuata hoteli yote ilikuwa inazungumza habari hiyo. Mmoja alisema kitu kikubwa ndicho kizuri, wazee wataona bila kukunja uso. Mwingine akasema kikubwa ndicho kitavunjika mapema, tena wembamba huo ni wa nini, si chapati. Kyule aliwaacha wabishane, kisha akakohoa. Akasema Ndunge ameshamuuliza kama anaitaka, naye amekataa. Hakuna jipya ndani yake, ni kuongeza bei tu. Hii yake inatosha.

Watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Na hapo ndipo Musyimi alipogeuka kwenye benchi lake. Kuwa na tableti ilikuwa heshima ya Kyule. Sasa hata kukataa tableti ni heshima ya Kyule. Mtu mwingine atabakishiwa nini?

"Hamjaambiwa yote," akasema kutoka mlangoni.

Akaanza pole pole. Alikuwa ameongea na jamaa aliyefanya kazi palepale inapoundwa. Ni nyembamba hivi kwamba ukiilaza mezani kwa ubavu, huioni tena, lazima upapase. Haitaki umeme: unaibeba kichwani kama karai, jua linaishibisha. Ikiangukia mto Tiva ukiwa umefurika, inaogelea mpaka ng'ambo na kukungoja. Watu walianza kugeuka. Benchi la ndani likalia kwa kuachwa, na mmoja akauliza, kwa mzaha tu, kama inajua mbuzi.

"Mbuzi ndiyo kazi yake," Musyimi akasema. "Unampiga picha mara moja. Inakuambia kilo, inakuambia meno, inakuambia ni siku ngapi hajanywa maji."

Sasa walikuwa wote upande wake, wengine wamesimama. Mzungu wa kwato aliendelea kukata peke yake, mpaka Kyule akamfunika kifuniko cha ngozi. Musyimi aliona hilo, na utamu wake ulimshukia kooni kama asali ya Tseikuru. Alipaswa kunyamaza hapo.

"Huo ni uongo," Kyule akasema. "Kilo utaijuaje bila kushika?"

"Haikosei hata nusu kilo," Musyimi akamjibu. "Mimi na mikono yangu hii hukosea nusu kilo. Yenyewe haikosei."

Abdijabar, aliyekuwa anakunywa chai yake karibu na Sabrin, aliweka kikombe chini. Aliuliza itafika lini. Musyimi akamwambia mwisho wa mwezi ujao, kama redio ilivyosema, kwa sababu hicho kipande kilikuwa cha kweli.

Wiki iliyofuata Musyimi alifika sokoni amenyoa ndevu. Alisimama pale anaposimama siku zote, akangoja kuitwa mara ya kwanza ili aje angoje ya pili. Lori likapakiwa. Alipoona mbuzi wa mwisho anasukumwa ndani, alienda mwenyewe. Abdijabar alimshika mkono kwa adabu. Alisema amemwagiza ndugu yake amtafutie ile tableti, na mpaka ije atakadiria kwa macho. Hakutaka kumsumbua mzee na kubeba mbuzi juani.

"Pumzika sasa, mzee wangu," akasema. "Umebeba vya kutosha."

Musyimi aliingia hotelini na mikono yake, hajui aiweke wapi. Na huko akakuta jambo baya zaidi. Kyule alikuwa amebadili mawazo, amemwambia Ndunge amnunulie ile mpya, na alikuwa amezungukwa na watu akiwaeleza. Alieleza habari ya kuogelea mto Tiva. Alieleza habari ya karai. Aliieleza vibaya, bila kupumzika mahali pa kupumzika, akianza na mwisho, na bado watu walikuwa wametoa macho. Kwa mbuzi alikuwa ameongeza kwamba inajua pia kama ana mimba, na ni ya beberu wa nani.

Musyimi alikuwa amewahi kuibiwa jogoo, na baiskeli. Hakuwahi kuibiwa uongo. Alisimama katikati ya hoteli akasema wazi kwamba tableti haipimi mbuzi, haijapima na haitapima, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyatunga yote hayo akiwa amekaa pale mlangoni.

Kisha Sabrin akamwekea chai mbele yake taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa.

"Ni wivu, mzee," akasema. "Kunywa. Utapata yako siku moja."

Hakuna aliyemwamini. Ndiyo mara ya kwanza amesema kweli tupu kwenye hoteli hiyo, na kwa sababu alikuwa na wivu kwelikweli, aliketi akanywa.

Wiki ya tatu Katunge alikuja sokoni na mbuzi mmoja mweusi. Si kwa ajili ya tableti. Paa la jikoni lilikuwa linataka mabati saba. Abdijabar alimzunguka mbuzi, akampapasa mgongo, akasema macho yake yanamwambia thelathini. Katunge alisema haraka kwamba hata yeye macho yake yalikuwa yanamwambia hivyohivyo. Kyule, aliyekuja kutazama, alimshauri Abdijabar asubiri wiki chache apige picha.

Musyimi alikuwa kando, mikono mfukoni. Angenyamaza, mabati yangepatikana na ziada ya sukari ingebaki. Lakini alimwona Kyule akitanua vidole viwili hewani, akimwonyesha Abdijabar jinsi mbuzi atakavyotanuliwa kwenye kioo, na mikono ikatoka mfukoni yenyewe. Akainama, akapitisha viganja chini ya tumbo la mbuzi wake, akainua. Akamrudisha chini.

"Ishirini na sita," akasema.

Katunge alimtazama kama mtu aliyeletewa mume asiye wake. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuulizwa.

"Si thelathini, Mama Mutindi. Ana manyoya mengi tu."

Abdijabar alitazama mbuzi, akamtazama Katunge, kisha akamtazama mzee aliyejikata kilo nne mbele ya watu. Akaanza kutabasamu.

"Na ile tableti, mzee wangu, ingesema ngapi?"

Hapo Musyimi angeweza kurudia kwamba hakuna kitu kama hicho. Ila mdomo wake ulikuwa umezoea njia yake, na tena, kwa wiki tatu alikuwa amekifikiria kile kitu sana, wembamba wake, kioo chake, mpaka kilikuwa na sauti kichwani mwake.

"Ishirini na sita na nusu," akasema kwa uchungu.

"Nusu kilo nakusamehe," Abdijabar akasema, akamfungulia lango la boma. Ndani walikuwa wanangoja mbuzi sitini. Katunge alihesabiwa pesa za mabati sita na nusu, akaondoka bila kuaga.

Musyimi alianza na wa kwanza, akataja kilo, akashika wa pili. Soko zima lilikuwa linamwona. Lakini kutoka hotelini kwa Sabrin kikaja kicheko kikubwa cha watu wengi, na alijua ni Kyule ameongeza jambo jingine, na hakuweza kusikia ni lipi. Alisimama na mbuzi mikononi, kwato zinaning'inia, ametega sikio.

"Ngapi?" Abdijabar akauliza.

Ilibidi amrudishe chini amwinue tena.