Nta ya Losheni ya Kezia

Kezia Nduwayezu alitengeneza losheni jikoni kwake Murungu, na mteja wake mkubwa alikuwa mdogo wake Esteri, mwanachuo wa ualimu Kasulu. Esteri alipopiga simu akilia, Kezia alidhani kuna msiba.

"Dada, uso wangu umejaa chunusi, na mwezi ujao naanza mazoezi ya kufundisha. Wenzangu wanasema ni ile nta unayotia."

Nta yenyewe ni chembe nyeupe za kushikanisha maji na mafuta yasitengane. Kezia hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akasahau maharage jikoni yakaungua, akakimbia sokoni kuondoa makopo yake ya losheni. Muuzaji mmoja, Vestina, akamshangaa.

"Mbona mimi napaka na sina hata kipele?"

Ndipo wasiwasi ulipozidi. Kezia alikuwa na ngozi ya chunusi kama Esteri, lakini hakuwahi kupaka usoni kile alichowauzia wengine.

Akaanza kujifanyia majaribio. Shavu la kulia alipaka losheni ya nta na mafuta ya alizeti. La kushoto alipaka mafuta ya mise matupu, yale ya kokwa za michikichi, ambayo siku zote aliyatia kwenye losheni yake ili ngozi ing'ae. Kila akipita penye kioo alisimama. Baada ya wiki kadhaa shavu la kushoto lilitoka vipele. La kulia likabaki lilivyokuwa.

Alipanda basi la kwanza kwenda Kasulu. Esteri alikuwa chumbani, kavaa barakoa.

"Nadhani ni mise, siyo nta," Kezia alisema, akimwonyesha mashavu.

"Hiyo ni kwako. Kwangu je?"

Kezia akamshika mkono. Wakaenda hospitali. Daktari alisema nta ya aina ile wengi wenye chunusi huivumilia, ila si wote. Esteri aache kila kitu, atumie dawa, na ngozi ikitulia ajaribu losheni isiyo na mise, kidogo, chini ya taya.

Nje, Esteri alimtazama tena dada yake.

"Kwa hiyo umejiharibia sura makusudi?"

"Ningejuaje, mdogo wangu?"

Esteri akaangua kicheko, akavua barakoa, akaitia mkobani. Wakaongozana hadi shule ambako Esteri angeanza mazoezi siku hiyo. Kezia alibaki nje, akizunguka uwanja, hakutulia mpaka aliposikia watoto dirishani wakimwamkia kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu!"