Suruali za Mzee Chini ya Spika

Mama Chiriku aliiona stendi ya spika ya kushoto tangu yuko langoni, akajua leo hapatakalika. Besi alikuwa ameipandisha mpaka mwisho, spika imekaa huko juu kama jogoo kwenye paa, na miguu yake mitatu ameibana karibu karibu isije ikakanyaga zulia jekundu. Pembeni yake tu vilipangwa viti vya watoto wa chekechea waliokuwa wanahitimu. Kiti cha mwisho, kile kilichokaribiana kabisa na stendi, kilikuwa cha bintiye, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo.

"Shemeji, hiyo itaanguka."

"Watu huanza na salamu," Besi alijibu bila kugeuka. Alikuwa mdogo wa mumewe, sauti nzito kama ya mtu anayesemea ndani ya pipa, ndiyo maana akapewa jina hilo.

"Habari za asubuhi. Itaanguka."

"Tangu uanze masomo ya jioni ya mitambo hakuna kinachosimama mbele yako. Juzi nyaya, leo stendi. Kesho utasema na mimi nimepinda."

"Wewe umepinda siku nyingi, usingoje kesho."

Akashusha mzigo aliobeba begani. Ilikuwa mifuko mirefu ya mchanga, myembamba, imeshonwa kwa miguu ya suruali: mchanga huku na huku, katikati patupu, ili uuning'inize juu ya mguu wa stendi uukandamize chini. Besi aligeuka, akakiona kile kitambaa cha kijivu chenye mistari, na uso ukamkunjika.

"Rudisha garini."

"Upepo wa hapa ukipanda mchana, hilo turubai..."

"Rudisha, nimesema! Suruali za baba yangu hazilali chini watu wazikanyage."

"Alinipa mama."

"Mama alikupa nguo. Mkasi alikupa nani?"

"Mkasi pia alinipa yeye."

Jibu lilikuwa la kweli, na bado lilimchoma yeye mwenyewe. Marehemu baba mkwe ndiye aliyeianza kazi hii, kwa spika hizi hizi. Suruali zake zilikatwa Besi akiwa safarini, na hakuna aliyefikiria kumuuliza. Aliporudi alikuta baba yake amejazwa mchanga, kama alivyosema mwenyewe siku ile, na tangu hapo akiingia nyumbani anamsalimia mpaka paka, shemeji yake anampita kama mlango. Mume angeweza kuwasuluhisha, lakini yuko mbali kikazi, na kwa simu kila mtu ni mpole.

"Funga ya kulia na matambara yako," Besi alisema. "Ya kushoto ni yangu. Ukiigusa tutaonana wabaya hapa hapa, mbele ya wazazi wenzako."

Mama Chiriku akaifunga ya kulia. Akatanua miguu ya stendi ikatanuka kisawasawa, akakaza skrubu, akachomeka pini kwenye nguzo, akaacha spika chini kidogo kuliko alivyopenda Besi, akaining'iniza ile mifuko. Iliyobaki akaiweka chini ya meza ya mitambo. Kisha akamfuata mwalimu, akamwomba viti vya watoto visogezwe.

"Mama, zulia limeshatandikwa na mgeni rasmi yuko njiani. Mambo ya spika malizaneni wenyewe."

Angeweza kumhamisha Chiriku peke yake. Na wale wengine? Mama zao angewatazama kwa macho gani? Akarudi kwa Besi.

"Haya. Kaa."

"Nikae wapi?"

"Unapajua. Mzee akisimamisha spika alikuwa anakaa chini yake yeye mwenyewe mpaka wimbo wa kwanza uishe, ndipo anaruhusu watu wasogee. Suruali zake unazililia, kiti chake unakikimbia?"

Besi alimtazama kama anayetafuta pa kumpiga. Akaburuta kiti, akakibwaga chini ya stendi, akakaa, mikono kifuani.

"Nimekaa. Umeridhika? Kawashe mitambo yako, mwalimu mkuu wa upepo."

Watoto waliingia kwa mstari, kofia zikiwaziba macho. Chiriku alikaa kitini, akampungia baba yake mdogo, na Besi, pamoja na hasira zake, akampungia. Wimbo ukaanza.

Haukufika mbali. Turubai lilivimba kama shavu, upepo ukapita chini yake na kuikumba spika, na mguu wa nyuma wa stendi ukanyanyuka. Mama Chiriku alikuwa ameshaiacha meza. Aliidaka nguzo kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani, visigino vikiteleza kwenye zulia.

"Besi!"

Besi aliruka kitini, akaishika juu ya mikono yake.

"Usiachie!"

"Nani anaachia? Shika wewe!"

Watoto waliendelea kuimba. Chiriku alidhani mama yake anacheza na nguzo, akazidisha sauti.

"Nikatafute mtu," Besi alihema.

"Mtu wa nini? Mchanga uko chini ya meza."

Spika ikavuta tena, wakavutana nayo. Upepo ukapumzika kidogo.

"Sasa, shemeji! Nenda!"

Besi akaenda mbio. Akarudi na mifuko mabegani, akapiga magoti, akaitanua miguu ya stendi mpaka ikakunja zulia jekundu la watu. Hapo akasita, suruali ya baba yake mikononi. Kisha akailaza juu ya mguu wa kwanza, taratibu, akaipangusa vumbi. Ya pili. Ya tatu. Wakaishusha nguzo pamoja, na Mama Chiriku akachomeka pini. Makofi yakalia, ya watoto.

"Usidhani tumepatana," Besi alisema.

"Sijadhani."

"Nguo nyingine ya baba usiiguse bila kuniambia."

"Nilipaswa kukuambia hata hizi. Nitakuambia."

"Na hapa umeshona kombo. Mchanga unavuja."

Kweli, ulikuwa unatiririka kwenye zulia. Besi akaubana ule mshono kwa vidole, akakivuta kiti kwa mguu, akakaa tena chini ya spika.

"Weka wimbo," alisema. "Unanitolea macho ya nini?"