Kifo cha Bi. Mulunesh, kwa Hesabu Mbili

Ofisa wa dirisha la tatu ubalozini aliisoma barua ya hospitali mara mbili, kisha akaigeuza ili Yeshimebet naye aione.

"Mama yako alifariki Januari 2015. Wewe uliondoka kwetu Mei 2021 kuja kumuuguza. Ulikuwa unamuuguza nani?"

Yeshimebet alieleza kwamba huo ni mwaka wa Ethiopia, ulio nyuma kwa miaka minane. Kwa hesabu ya kina ofisa ni 2023, mwaka huu. Mfasiri wa barua aligeuza jina la mwezi, mwaka akauacha ulivyo. Ofisa alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye hufuata kilichoandikwa, na mkaazi wa kudumu akikaa nje zaidi ya mwaka bila sababu, ameuacha ukaazi mwenyewe. Ombi lilikataliwa. Huko ng'ambo binti yake, Meklit, alikuwa na mimba ya miezi minane, wala hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono.

Jioni ile, nyumbani Gulele, Yeshimebet alikuwa akimimina kahawa ya duru ya tatu, ile nyepesi ya mwisho, mama yake alipoingia, akavua viatu, akaketi mahali pake.

"Kahawa gani hii, maji matupu?" alisema marehemu. "Nani kakufundisha?"

"Wewe, Mama."

Jirani yao Etenesh alimsogezea kigoda. "Bi. Mulunesh, sisi tumekulilia siku arobaini!"

"Nilikusikia. Ulilia kuliko wote, na mtungi wangu hujaurudisha."

Alhamisi mama na binti walikwenda ubalozini. Mlinzi alimpekua Bi. Mulunesh, akamvua pini ya shuka, akampa namba. Alama za vidole vyake zililingana na zile za kitambulisho.

"Nimekufa mwaka huu, mwanangu," alimwambia ofisa. "Huyu ndiye aliyekuwa akinigeuza kitandani."

Ofisa aliandika. Akasema shahidi akiwa hai, basi hakuna kifo kilichomchelewesha Yeshimebet. Akiwa amekufa, alikufa tarehe iliyo kwenye karatasi. Ombi lilibaki limekataliwa.

"Na mimi je, nina kizuizi cha kusafiri?" aliuliza Bi. Mulunesh.

Ofisa alipekua kitabu chake. "Huna, mama. Marehemu hawaombi viza."

Basi Bi. Mulunesh akaenda yeye kwa Meklit. Yeshimebet alikaanga shayiri, akaisaga, akamfungia unga wa genfo, ule ugali anaolishwa mwanamke aliyejifungua, siagi ikiwa katikati. Alimsindikiza mpaka pale uwanja wa ndege wanaposimamishwa wasiosafiri.

Siku ya kumi na mbili simu iliita.

"Msichana," alisema Meklit. Nyuma yake mwiko uligonga sufuria. "Bibi anauliza, wewe unakuja lini?"

"Mwambie avae soksi. Huko kuna baridi."

Simu ilipokatika aliitungua kalenda ukutani. Akaandika tarehe ya kuzaliwa mjukuu kwa mwaka wa Ethiopia, na chini yake, kwa kalamu ileile, kwa mwaka wa huko ng'ambo. Akaupulizia wino mpaka ukakauka.