Vichwa vya Sangara vya Kamunyonge

Malori ya barafu yakishaondoka, geti dogo la kiwanda cha minofu hufunguliwa na wanawake huingia na karai zao. Minofu ya sangara inakuwa imekwishapakiwa kwenda Ulaya. Vinavyobaki ni vichwa na mifupa, na hivyo ndivyo vinavyouzwa mjini Musoma. Nyamburi alichaguaga vichwa vikubwa vyenye nyama shavuni. Alivibeba mpaka kwenye kibanda chake Kamunyonge, akavipasua, akavitia chumvi na kuvikaanga mbele ya wateja.

Jumatano moja, kichwa cha kwanza kilipoingia kwenye mafuta kilikohoa, kisha kikasema kwa sauti ya mtu wa ofisini: "Waziri asiambiwe mpaka wageni waondoke. Uwanja wao wa ndege tumeshaupima, urefu wake ni mdogo kuliko wanavyotangaza."

"Kigeuze dada, upande mmoja unaungua," alisema Esta, jirani yake, aliyekuwa akikata vitunguu.

Nyamburi akakigeuza. Upande wa pili kilieleza bei ya mwisho ya pamba ambayo nchi jirani ingekubali, ingawa hadharani ilikuwa inajifanya haikubali. Mwalimu mmoja mstaafu alikula kichwa kile kwa ugali wa muhogo, akasema pilipili haitoshi.

Watu wa Kamunyonge waliona ni jambo linaloeleweka. Ziwa ni moja na nchi ni tatu, na sangara huzunguka kote bila hati ya kusafiria. Husikia yanayosemwa kwenye boti za doria na kwenye hoteli za ufukweni, ambako wakubwa hupenda kuongelea nje wakiogopa vyumba vyao vina masikio. Zamani maneno hayo walikuwa wanayasikia furu, samaki wadogo waliojaa kila mahali. Sangara wamewala furu wote, na walichosikia furu sasa kiko ndani ya sangara. Vichwa vilivyopelekwa Bunda vilikaushwa kwa moshi na vilisema kwa sauti ya kukwaruza. Watu wa Butiama waliamua kuvichemsha, kwa kuwa kichwa kinachochemshwa husema polepole na mtu anaweza kufuatilia.

Nyamburi hakujali viwanja vya ndege wala pamba. Kila kichwa kilipoingia kwenye mafuta aliinama na kukiuliza jambo moja.

"Magesa yuko wapi?"

Magesa alikuwa mume wake, mvuvi wa dagaa. Miaka ile mpaka ulipofungwa na madukani hapakuwa na sabuni wala chumvi, boti yenye injini ilimfuata ziwani akiwa na taa yake, ikamchukua. Wenzake waliona. Mtumbwi ulirudi wenyewe pwani, ukiwa na ile taa yake ya karabai ndani. Baadaye ilisemekana kwamba alikuwa jasusi wa upande wa pili, na tangu hapo haikusemekana kitu kingine.

Kaka wa Magesa, Felisian, alikuja kila mara kukumbusha desturi. Mtu wa pwani ile akipotea majini, ndugu huzika shina la mgomba badala yake, wakanyoa nywele, matanga yakaondolewa na mambo yakaisha.

"Shemeji, mgomba upo na majembe yapo," alisema. "Unasubiri nini?"

"Nikizika mgomba halafu akatokea mlangoni, nitamwambia nini?"

"Utamwambia mgomba ulioza. Ataelewa, yeye mwenyewe alikuwaga mkulima mbaya."

Nyamburi alicheka kidogo, akageuza samaki. Alikuwa tayari kuzika. Alichokataa ni kuzika mtu ambaye pengine bado amelala mahali fulani akiwa na pingu miguuni. Lakini vichwa havikujibu maswali. Vilisema tu vilichosikia, kila kimoja kwa zamu yake.

Habari zikasambaa, na wateja wapya watatu wakaanza kuja kila alasiri.

Wa kwanza alikuwa Apolinary, mtumishi wa ofisi isiyo na kibao. Ofisi hiyo ilikuwa Iringo, kati ya fundi cherehani na duka la betri, na ilikuwa ya siri sana. Watu waliitumia kuelekeza wageni: ukifika kwenye ofisi isiyo na kibao, kata kushoto. Wa pili alikuwa Keraryo, aliyetoka upande wa pili wa mpaka akasema ni mnunuzi wa ng'ombe. Alikuwa amepita minada yote mpaka Bunda na hajanunua hata ndama. Wa tatu alikuwa mzungu wa nchi rafiki, nchi iliyokuwa rafiki wa pande zote mbili. Aliitwa Mtaalamu. Alikuwa mtaalamu wa maji ya ziwa, na alibeba kinasa sauti kwenye mfuko wa shati.

"Mtaalamu," Esta alimwambia siku moja, "kale kataa kako kekundu ka mfukoni kamezima. Betri imekwisha."

"Asante sana," alisema Mtaalamu, akabadilisha betri.

Benchi lilikuwa moja, kwa hiyo walikaa pamoja na kupeana chumvi. Mwanzoni waligombana. Kichwa kikianza kusema siri za nchi ya Keraryo, Keraryo alikula haraka haraka mpaka akajichoma ulimi. Nyamburi akaweka sheria: aliyenunua kichwa ndiye mwenye maneno yake, na wengine wataangalia pembeni. Wote watatu walitii. Waliangalia pembeni, wakasikiliza.

"Mama, leo vyako vinaongea mambo madogo madogo tu," Keraryo alilalamika. "Harusi ya mkuu wa wilaya nitaipeleka wapi mimi?"

"Si ulisema unanunua ng'ombe?" aliuliza Esta.

"Nanunua. Nachagua."

"Ng'ombe wenyewe watakuwa wamezeeka, kaka."

Ikafika siku ambayo kiwandani kulitolewa kichwa cha sangara mzee, kikubwa kuliko karai, chenye kovu juu ya jicho. Nyamburi alikipasua kwa shoka. Apolinary aliagiza nusu, Keraryo nusu. Mafuta yalipochemka, kichwa kikaanza kwa sauti ya kijana mwenye bidii.

"Bosi, taa nyingine zinawaka zimetulia. Hii moja inapepesa, inatulia, inapepesa tena. Na mwezi ukiwa mkubwa haitoki kabisa. Hizo ni ishara."

Esta aliacha kukata vitunguu. "Kaka Apolinary, si sauti yako hiyo?"

"Nilikuwa na mafua," alisema Apolinary.

Ikafuata lafudhi ya upande wa pili. "Na sisi huku tunaiona. Hatujui wanatumia nani, lakini tumeshashika mvuvi wetu mmoja tukamuuliza. Anasema mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaji kwa taa. Tumemshika zaidi."

Keraryo aliomba apewe chumvi.

Sauti ya tatu ilisema Kiingereza. Mtaalamu aliombwa atafsiri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alitafsiri.

"Anasema imethibitishwa. Upande huu uliambiwa kwamba upande ule una uhakika. Upande ule uliambiwa kwamba upande huu una uhakika."

"Waliambiwa na nani?" aliuliza Nyamburi. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza kitu kingine.

"Na sisi," alisema Mtaalamu. "Lakini ni idara nyingine."

Kichwa kikanguruma kama injini ya boti. Ndani ya ngurumo hiyo alisikika mtu akisema haraka, kwa Kiswahili cha pwani ya Musoma, na Nyamburi akashika ukingo wa meza.

"Ni utambi, jamani. Utambi wa karabai hakuna madukani, nyie wenyewe mnajua. Nimefunga kitambaa cha fulana yangu, ndiyo maana inapepesa. Muulizeni mke wangu, yeye ndiye aliyeikata."

"Mke wako tutamuuliza," ilisema sauti nyingine. Kisha, baada ya injini kuzimwa: "Hapa nyuma ya kisiwa cha Rukuba panatosha. Kuna kina."

Yakasikika maji. Kichwa kikanyamaza. Kilikuwa kimeiva.

Nyamburi aliikumbuka fulana. Ilikuwa nyeupe, na alikata upande wa mgongoni ili mbele ibaki ya kuvaa. Hakuna mtu aliyewahi kuja kumuuliza. Aliepua vile vipande viwili, akaviunganisha, akavifunga kwenye kanga.

"Mama," alisema Apolinary, "hicho nilikuwa nimeagiza."

"Hukulipa bado," alisema Nyamburi.

Apolinary alikubali, kwa sababu sheria ilikuwa sheria. Tangu siku hiyo Nyamburi aliwakaangia wengine, lakini yeye mwenyewe hakula tena samaki.

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani, akaenda Iringo kwenye ofisi isiyo na kibao. Apolinary alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kana kwamba anasikia kwa mara ya kwanza.

"Pole sana mama. Lakini ofisi haiwezi kupokea ushahidi huo. Ofisi haisikilizi samaki."

"Jana ulikuwa kwenye benchi langu."

"Nilikuwa nakula."

"Sitaki nilipwe wala sitaki mtu afungwe," alisema Nyamburi. "Nataka mseme alikuwa mvuvi. Niandike kwenye msalaba wa kaburi: Magesa, mvuvi. Watoto wetu wanasoma na wenzao, na huko wanaitwa watoto wa jasusi."

Apolinary alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mkali. "Tukisema alikuwa mvuvi, mama, sasa ile taa itakuwa nini? Nchi tatu zimeshaandika ni ishara. Mimi nilipandishwa cheo kwa ile taa. Upande wa pili walinunua boti mpya. Ukiiondoa, mambo mengi yataanguka."

"Ilikuwa fulana."

"Inawezekana," alisema Apolinary, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Mwezi huohuo wajumbe wa pande zote mbili na wa nchi rafiki walikutana katika hoteli ya Musoma kujadili uvujaji wa siri. Walikula sambusa na kunywa chai, wakiwa ndani na madirisha yamefungwa. Kila upande uliulalamikia mwingine kwa kusikiliza, na kila upande ulithibitisha lalamiko lake kwa maneno uliyoyapata kwa kusikiliza. Mwishowe walielewana. Tangazo lilisema kwamba, kwa moyo wa ujirani mwema na biashara huria, vichwa vya sangara sasa vitasafirishwa pamoja na minofu kwenda nchi rafiki kwa uchunguzi, na nchi rafiki itawajulisha wenzake yale watakayohitaji kujua.

Wanawake waliokwenda getini walikuta mapanki peke yake, ile mifupa mirefu ya mgongo iliyokwanguliwa. Mifupa haisemi. Benchi la Nyamburi lilibaki wazi. Mtaalamu alirudi kwao. Keraryo kabla ya kuondoka alinunua ndama mmoja mnadani ili asionekane mwongo, akaja kuaga naye kibandani.

"Mzuri," alisema Esta. "Umechagua vizuri."

Nyamburi alikuwa amekihifadhi kile kichwa kwenye chumvi, ndani ya chungu. Alimwita Felisian akamwambia achimbe. Felisian alichimba kaburi la urefu wa mtu, kwa kuwa mdogo wake alikuwa mrefu, nyuma ya nyumba ambako ziwa linaonekana. Alipokiona kinachozikwa alivua kofia.

"Afadhali kuliko mgomba," alisema.

Katekista alisoma sala zote bila kupunguza. Watu wa Kamunyonge na wa Kitaji walikuja na kuni na maharage. Watu walinyoa nywele. Apolinary alikuja pia, akatoa rambirambi, akakaa nyuma kabisa akiangalia nani kaja na nani hakuja, maana mazishi ya jasusi ni lazima yaangaliwe. Msalabani paliandikwa Magesa, na nafasi ya neno la pili ikaachwa tupu.

Siku ya kuondoa matanga Nyamburi alikwenda Iringo kununua utambi wa karabai. Tangu biashara ilipofunguliwa, kila duka lilikuwa nao. Ulining'inia milangoni kwa mafungu, juu ya vikombe vya Kichina, na muuza duka alimuuliza kama anataka wa kwetu au wa nje. Alichukua wa kwanza aliouona.

Jioni aliufunga kwenye karabai ya mume wake, ile iliyorudi na mtumbwi. Akajaza mafuta, akapampu, akaitundika juu ya msalaba. Taa ikawaka nyeupe, imetulia kabisa, na ilionekana mpaka mbali ziwani. Waombolezaji waliiangalia. Nyamburi aliketi chini karibu nayo, akanyoosha miguu.

Nyuma, Apolinary aliweka chini sahani yake. Aliitazama taa kwa muda mrefu kama alivyoitazama zamani, kisha akatoa kalamu mfukoni.

"Unaandika nini tena, kaka?" aliuliza Esta.

"Taa haipepesi," alisema Apolinary, akiandika. "Wamebadilisha mbinu."