Nafasi ya Elvin kwenye Kadi

Nitasema mapema ili baadaye msije mkanihurumia bure: kosa lilikuwa langu. Si la umeme, si la shetani. Ni mimi Denia, mwenye kibanda cha gemu mtaa wa Los Almendros, niliyefuta kitu cha Mashoto kwa kidole changu hiki.

Kibanda kilikuwa na plei tatu, mashine za kuchezea gemu kwenye runinga. Ya mbele ndiyo iliyokuwa nzima kuliko zote, na kwenye plei hiyo ndipo ilipochomekwa kadi ya kumbukumbu, ile inayotunza mtu amefika wapi kwenye mchezo wake. Kadi ina nafasi kumi na tano, na wateja wangu walikuwa zaidi ya hapo, kwa hiyo nafasi nilizigawa mwenyewe, na ole wake aliyegusa ya mwenzake. Kulikuwa na desturi moja tu ambayo hakuna aliyebishana nayo: mtu akienda Kaskazini, kutafuta maisha ng'ambo ya mipaka, nafasi yake anapewa mwingine. Hatusubiri. Mji mzima wa San Pedro unajua kwamba anayepanda lile basi la alfajiri hakumbuki tena alimwacha nani kwenye gemu gani.

Elvin aliondoka Jumatatu. Kijana wa miaka ishirini na mbili, mtoto pekee wa Mama Ercilia, yule aliyekuwa akiuza baleada mlangoni pangu, chapati zake za ngano na maharage na krimu, watu wakipanga foleni mpaka barabarani. Elvin alikuwa akicheza Rubani Salvatierra, gemu lililotokana na ule mchezo wa runingani uliokuwa ukitufungia wote ndani saa moja jioni. Rubani anabeba barua juu ya milima, anaibiwa ndege, anaingia migodini, anapigana na majambazi wa kanali mmoja mwenye jicho la kioo. Mtaani waliolicheza walikuwa wawili tu. Mmoja Elvin. Wa pili Mashoto.

Sasa Mashoto. Jina lake la ubatizo silijui. Alikuwa mkubwa wa wale vijana wanaokaa kwenye ngazi za uwanja wa mpira, na alikuwa akitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kula, kusalimia, na mengine. Mwenye duka la viatu alimjibu ovyo mwezi wa Aprili. Mwezi wa Mei duka lile likawa linauza simu, na mwenye viatu hakuna anayesema yuko wapi. Mashoto alikuwa akija kwangu kila Jumamosi saa nane mchana, peke yake, anakaa plei ya mbele, anakula baleada moja, anacheza mpaka jioni. Hatukani, hapigi kelele. Adabu yake ndiyo iliyokuwa ikinitia hofu.

Jumanne nikafungua kadi nimtoe Elvin. Kwenye kadi gemu hilo linaonyesha kipicha cha ndege, na chini yake saa ulizocheza, basi. Ndege mbili zimekaa sambamba, moja ina saa arobaini, nyingine arobaini na tatu. Miezi yote Elvin ndiye aliyekuwa akiongoza kwa saa, na alikuwa akimtania Mashoto nyuma ya mgongo wake, "Mkubwa anacheza kama anasuka mkeka." Kwa hiyo nikafuta ya arobaini na tatu. Wala sikuwaza. Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkono wa pili.

Jumamosi asubuhi, saa mbili hivi, nikaifungua ile iliyobaki kuona kama sidii haigandi, maana mteja mwenyewe si wa kumgandishia. Rubani akatokea yumo ndani ya mgodi, taa kichwani, maji magotini.

Mashoto hakuwa mgodini. Jumamosi iliyopita alikuwa ameshatoka, nilimwona kwa macho yangu, amefika lango la ngome ya kanali, akasema, "Mama Denia, wiki ijayo namla kichwa huyu." Alikuwa amekaa tangu mchana mpaka nikafunga. Mungu wangu! Ndipo nikaelewa. Siku ile moja alikuwa amempita Elvin kwa saa.

Nikakaa sakafuni, mtu mzima na miaka yangu arobaini na moja. Nilimwona mwenye viatu. Nilijiona mimi, kibanda kimeandikwa "Simu na Chaji", na watu wanapita wakitazama pembeni.

Kukimbia? Niende wapi, na vijana wako kila kona? Kumwambia ukweli? Aka! Mwenye viatu naye alisema ukweli. Nikajikaza kisabuni. Nikateremsha shata la mlango nusu, nikaandika kwenye kadibodi "Fundi yupo", nikashika pedi ya kuchezea. Kutoka mgodini mpaka lango la ngome Mashoto alitumia wiki tatu. Mimi nilikuwa na saa sita.

Watu hudhani mwenye kibanda ni mchezaji. Mimi mchezo niliujua kwa kuwatazama wengine, kama vile mpishi anayejua ladha kwa harufu. Nilikufa mara kumi na moja kwenye lifti ya mgodi. Nilikufa kwenye daraja. Kila nikifa, rubani analia "Mama yangu!", nami nalia naye, kwa dhati kabisa. Saa tano Mama Ercilia akainamisha kichwa chini ya shata.

"Denia, mbona umejifungia? Unaumwa?"

"Fundi, mama."

"Fundi gani, mbona nakusikia ukitukana peke yako?"

"Mama Ercilia, niache tafadhali. Elvin amepiga?"

Nilijua swali hilo litamwondoa. "Jumatano alikuwa karibu na mpaka wa Meksiko. Tangu hapo kimya. Labda salio limekwisha."

"Limekwisha salio," nikasema, nikaendelea kubonyeza.

Saa nane kasoro dakika kumi nikafika lango la ngome. Nikahifadhi, nikapandisha shata, nikanawa uso. Vidole vilikuwa vimevimba. Nilipomwona Mashoto anakuja, shati jeupe limepigwa pasi, nikavuta kiti chake nikakipangusa.

"Mama Denia. Habari ya leo?"

"Salama, mwanangu. Plei yako hiyo hapo, imepoa kabisa."

Akakaa. Akafungua. Rubani yuko langoni, kama alivyomwacha. Akatikisa kichwa akiridhika, akaanza kupanda ukuta, na mimi nikaanza kupumua. Alicheza vizuri siku ile. Wateja wa plei za nyuma walimaliza muda wao wakaondoka mmoja mmoja, kama walivyozoea akiwapo yeye. Karibu na saa tisa na nusu kanali akaanguka na jicho lake la kioo likabiringika sakafuni, na Mashoto akapiga goti lake, pah! Akacheka! Sikuwahi kumwona akicheka, na nilijikuta nacheka naye, mjinga mimi, nikidhani nimevuka.

Rubani akakimbia uani. Pale uani ndipo ilipokuwa ndege yake iliyoibiwa. Tangu mwanzo wa gemu hajaiona, na mimi sijawahi kumwona mtu mtaani aliyefika hapo. Picha ikaisogelea ndege taratibu, kuanzia mkiani hadi ubavuni, na pale ubavuni pana jina. Kumbe mchezaji huulizwa jina la ndege siku ya kwanza kabisa. Nani angelikumbuka?

ERCILIA.

Mashoto alisogeza uso karibu na kioo. Aliweka pedi chini polepole sana.

"Ercilia," akasoma. "Ercilia ni nani?"

Nikaanza kupanga sidii ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Si huyu wa baleada hapo nje?" Akanigeukia. "Kwa hiyo Elvin kafuta ya kwangu, kaniwekea ya kwake, halafu kapanda basi akijichekea. Nimekaa hapa namchezea Elvin. Ndivyo, Mama Denia?"

Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Ningeweza kusema palepale. Lakini ndani yangu kuna sauti ilisema: Elvin yuko mbali, Mashoto hawezi kumfikia, mwache Elvin abebe lawama. Nikanyamaza. Na kunyamaza kwangu akakuchukua kama jibu.

"Sawa," akasema Mashoto, akainuka. "Yeye yuko mbali. Mama yake yuko karibu."

Akashusha shata mpaka kiunoni. Kabla hajaita, Mama Ercilia akapita chini yake mwenyewe, na sahani ya baleada mkononi, akilalamika.

"Loo, leo mnataka nitambae? Mwanangu, chakula chako kimepoa kwa sababu ya..." Akaona runinga. Akasimama. Alisoma shule miaka mitatu tu, kwa hiyo alisoma kwa kidole, hewani, herufi moja moja. "Hee! Hilo si jina langu?"

"Ni jina lako," akasema Mashoto.

"Nani kaliandika?"

"Mwanao."

Mama Ercilia hakuisikia ile sauti ya Mashoto ilivyokuwa. Mimi niliisikia. Yeye aliweka sahani juu ya plei, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kukigusa kioo. "Elvin! Shenzi huyu. Kila siku namwambia aache gemu, kumbe kaniweka kwenye ndege." Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Tangu Jumatano hakuna mtu mwingine zaidi yangu aliyekuwa amemtajia mtoto wake.

"Keti hapo, mama," akasema Mashoto, akivuta kiti kwa mkono wa kushoto. "Nina swali juu ya Elvin."

Na yule mama akaketi, tena kwa furaha, akidhani anaulizwa habari.

Liwalo na liwe. Nilisema kwa sauti iliyotoka nyembamba kama ya mtoto: "Ni mimi."

"Nini?"

"Nilifuta mimi. Jumanne. Nilitaka kufuta ya Elvin kwa kuwa ameondoka, nikafuta ya kwako. Elvin hajui lolote, mama yake hajui lolote. Leo asubuhi nimekaa hapa nikacheza mpaka ulipoishia ili usijue."

Alinikaribia. Alikuwa anatafuna bigijii ya mnanaa, naikumbuka harufu yake, hadi leo siwezi kuinunua.

"Ulinidanganya mchana kutwa. Kwa nini?"

"Nilikuogopa."

"Na sasa huniogopi?"

"Sasa nakuogopa zaidi."

Mama Ercilia alikuwa ameanza kuelewa, maana alikuwa ameishika aproni yake kwa mikono yote miwili.

"Ya kwangu nayo ilikuwa na jina," akasema Mashoto. "Uliliona kabla hujafuta?"

"Hapana."

"Jina gani, mwanangu?" akauliza Mama Ercilia, kwa upole, kama anavyouliza mtu anataka krimu au hataki.

Shavu la Mashoto liliruka mara moja. Nilidhani atampiga, nikaingia katikati bila kujua ninafanya nini. Akaninyooshea kidole cha kushoto, karibu sana na jicho.

"Giza likiingia, nisikukute mtaa huu. Wala mji huu."

"Na Mama Ercilia?"

"Nimesema wewe."

Akainama chini ya shata, akaenda zake. Baleada aliiacha.

Ilikuwa saa kumi. Giza kwetu huingia saa kumi na mbili. Nilikuwa na saa mbili za kukusanya maisha ya miaka kumi na tisa kwenye begi, na nilianza kweli, nilifungua droo, nikachukua vyeti, nikavirudisha, nikachukua sweta. Nilikuwa nazunguka kama kuku. Mama Ercilia hakusogea pale kwenye kiti.

"Denia," akasema. "Hii ndege mbona haiendi?"

"Mpaka mtu abonyeze, mama."

"Basi bonyeza. Iende kidogo. Nione."

"Mama Ercilia, natakiwa kuondoka! Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, binti yangu. Kidogo tu. Sijui kama nitaiona tena, na wewe ndiye unayejua kuiendesha."

Nikakaa. Nikashika pedi kwa vidole vyangu vilivyovimba. Ndege ikatetemeka, ikakimbia uani, ikapaa juu ya ukuta wa ngome, na Mama Ercilia akapiga makofi. Kisha mawingu yakaja, na nyuma ya mawingu zikatoka ndege nyeusi za kanali, tatu, nne, zikianza kupiga risasi. Sikujua sehemu hiyo. Hakuna mtu niliyemtazama akaicheza. Risasi ikapiga bawa, moshi ukatoka, na jina likawa limefunikwa na moshi nusu yake.

Nilikuwa nimemwogopa Mashoto siku nzima, lakini haikuwa hofu kama hii. Nilijua nikikosea mara moja ndege ile itawaka moto mbele ya macho ya mama huyu, na jina lake juu yake, na mtoto wake yuko njiani. Jasho likaniingia machoni. Milima ilikuwa inakuja.

Alisogeza kiti karibu mpaka bega lake likagusa langu.

"Ndani yumo Elvin, siyo?" akauliza. "Amekaribia kufika?"

"Bado, mama," nikasema. "Usiniongeleshe, nisije nikamwangusha."