Mawese Meupe

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, na ubaya ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikicheka.

Nilikuwa nimekaa uani na jirani yangu Germain, jua limeshaingia nyuma ya vilima. Mjukuu wangu Evodie akatoka jikoni na bakuli la maharagwe, akajigonga kwenye sufuria kubwa iliyokuwa mbele yake kabisa, bakuli likaruka. Nikamwambia Germain, "Muone huyu, amelewa kabla ya babu yake." Germain akacheka mpaka akakohoa. Jioni nyingine akaukosa mlango, akagonga ukuta. Nikampa jina la Mama Lutuku, kwa ile pombe yetu kali, na mtaa mzima ukalishika. Mtoto naye alicheka. Alidhani ni mchezo wetu sisi wawili.

Hakuwa mchezoni. Giza likianza tu, alikuwa haoni.

Evodie ni mtoto wa binti yangu Marthe, anayefanya biashara Manono. Alituachia asome hapa Kalemie. Mwaka ule surua ilimpitia, ikamwachia vidonda kinywani. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hataki; sombe, majani ya muhogo, hataki. Ni ugali na maharagwe, na mikate ya kukaanga ambayo mimi na mke wangu Adrienne tunauza barabarani. Vyote kwa mafuta yetu meupe.

Mawese yakitoka kwenye ngazi, yaani tunda la mchikichi, ni mekundu, kila mtu anajua. Sisi tuliyaunguza. Sufuria juu ya moto mkali, mfuniko juu, moshi mpaka majirani wanatukana, hata yawe meupe kama maji. Mikate haishiki rangi, hainuki, nguo haipati doa. Mgeni ukimpikia kwa mafuta meupe, anajua umemheshimu. Mekundu tuliwaachia watu waliotoka shambani jana. Mimi niliyakataza hata kwenye sahani zetu wenyewe. Nilikulia chini ya michikichi, nikatafuna ngazi za kuchemsha mpaka nyuzi zikajaa menoni, nikajiona nimeshahitimu masomo hayo.

Adrienne aliposema tumpeleke mtoto kituo cha afya, nilimwambia ninayo njia fupi. Prospère, mwenye duka la dawa ng'ambo ya mto Lukuga, alikuwa amepokea kutoka Kigoma makopo ya unga wa rangi ya zambarau: tunda la asai, la mti ulio ndugu wa mchikichi, huko Brazili. Prospère ana mdomo wa kumuuzia samaki maji.

"Papa Valère, hii njo mama ya matunda yote. Inalinda moyo, inasafisha damu, ngozi inalainika, uzee unakawia njiani."

"Na macho?"

Aligeuza kopo, akasoma maandishi yake yote. Mtu mwenye akili angejua anachokitafuta hakimo.

"Macho nayo ni mwili, Papa."

Nikamwachia redio yangu kwa kopo moja, nikarudi nyumbani nikiimba.

Kila asubuhi kijiko kimoja ndani ya uji. Midomo ya Evodie ikawa zambarau, nikamwambia amebusu wino wa mwalimu. Marthe alipopiga simu nilimjibu mtoto ni mzima, tena anakula vya Brazili. Wiki zikapita. Macho yakakauka, akawa anayasugua kutwa. Kisha asubuhi moja, kwenye jicho la kushoto, tukaona utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa.

Siku hiyo nilimbeba mwenyewe mpaka kituo cha afya.

Muuguzi Christelle alimsimamisha mtoto dirishani, akamtazama muda mrefu. Hakutugombeza. Alikata ncha ya kidonge laini cha vitamini A, akamkamulia ulimini, kisha akauliza anakula nini. Nikatoa kopo langu, na kusema kweli bado nilikuwa na fahari kidogo.

"Hii si sumu, Papa," akasema. "Ni chakula, ina uzuri wake kama matunda mengine. Lakini si dawa ya macho. Munapikia mafuta gani?"

Adrienne akamweleza, sauti ikishuka kila neno.

"Ule wekundu wa mawese ndio mwili unaogeuza kuwa vitamini hii. Mukiyaunguza yakawa meupe, mumeufukuza pamoja na moshi. Na surua ilikuwa imeshamukaushia akiba yake."

Nikauliza kama ataona tena. Akasema baada ya siku chache ataanza kuona tena jioni, na jicho la kulia litapona. La kushoto hakulitaja.

Adrienne akampigia Marthe simu, naye akafika juu ya lori, vumbi la njia nzima kichwani. Hakunisalimia. Alimwinua Evodie kidevu kuelekea mwangaza, akakaa hivyo. Nje, watoto waliokuwa wakipita wakaita, "Mama Lutuku!"

"Nani alimupa mutoto wangu jina hilo?"

Adrienne akatazama chini.

"Mimi," nikasema.

Marthe akaanza kukunja nguo za mtoto. Nikamfuata kila pembe ya chumba kama mbuzi aliyenusa chumvi. Nikamwambia sasa tunapikia mekundu, na sufuria ya kuunguzia nimeitoboa kwa msumari mbele ya macho ya Adrienne. Nikamwambia njia ya Manono itamchosha mgonjwa, na kule atabaki na nani mama akienda sokoni.

"Nilimupenda, Marthe. Katika Kalemie nzima, babu gani mwingine alitafutia mujukuu dawa mpaka Brazili?"

Alikuwa akifunga fundo la kitenge, hakugeuka. Nikaona nashindwa, nikashika la mwisho.

"Hapa ana ziwa, ana masomo, ana sisi. Kule Manono utamuonesha nini?"

"Chochote, Papa," Marthe akasema, "maadamu mumemuachia jicho moja."